Rangi ya Kiwanja cha Bibi Yako

Rukia mwanangu,

Assalaam alaykum. Habari za afya sikuulizi, maana asubuhi tumekunywa chai pamoja na chapati zangu umezila wewe, kwa hiyo najua u mzima. Nakuandikia nikiwa dukani kwa Kirit hapa Gerezani, kwenye kaunta, katikati ya mota za pampu na makopo ya beringi. Wewe na mama yako mko Mchikichini mnatafuta sweta. Kirit ameniona na kalamu, akacheka. "Mzee, binti mnalala naye nyumba moja, kesho ndiyo anaondoka, wewe unamwandikia barua? Si umtumie sauti WhatsApp?" Nimemwambia nyumba yetu ukuta kwa ukuta, sauti ikifunguliwa chumbani inasikika mpaka barazani. Na hili sitaki mama yako alisikie kabla yako.

Mambo ya sweta, mafuta ya mgando, dawa za tumbo na kutopanda bodaboda giza likiingia, mama yako amekwisha kuyasema na atayasema tena kesho kituoni mpaka kondakta achoke. Mimi sina nyongeza. Nina neno moja tu, na nalisema hapa mwanzoni ili usilitafute: ile tambarare ilipo nyumba ya bibi yako, kule Lushoto, usiipake rangi ya chungwa. Ipake nyekundu.

Juzi ulipofungua kompyuta mezani, ukatuonyesha ramani ya maporomoko unayokwenda kuichora kule, nilifurahi, Mungu ni shahidi. Ukamweleza mama yako taratibu kama unamweleza mtoto: kijani watu wakae na walime, njano wajenge kwa masharti, chungwa waliopo wabaki lakini waangaliwe wakati wa mvua, nyekundu pasilale mtu. Mama yako akauliza, "Na kwa mama yangu ni wapi hapo?" Ukaweka kidole. Akauliza tena, "Na pale patakuwa rangi gani?" Ulikiondoa kidole, Rukia. Mimi nilikuona. Halafu ukasema, "Chungwa, mama. Chungwa maana yake wawe wanaangalia tu." Mama yako akashusha pumzi, akakuongezea sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Ningesema nini mbele yake? Ile nyumba ndiyo kumbukumbu ya baba yake. Kaburi la marehemu babu yako liko juu kidogo ya chemchemi, na mama yako akisema "kwetu" anasema pale. Wewe ulimhurumia mama yako, na huruma si dhambi. Lakini mteremko hauna habari na mama yako.

Sasa nikueleze nyumba ile ilivyofika pale, maana sifa zake umezisikia, ila hukuambiwa zote. Nilipomwoa mama yako, bibi na babu walikuwa wanakaa kwenye nyumba ya udongo, ubavuni mwa mlima, mahali pa kupandia kwa mikono. Mimi kijana wa Kariakoo, mtoto wa mjini, nikaona haya. Wakwe zangu wanakaa wamening'inia! Nikaapa nitawajengea. Tukazunguka na marehemu babu yako kutafuta kiwanja, na mimi nikapaona pale: tambarare nzuri, pana, migomba imenona, udongo laini ukichoma jembe linazama lenyewe, chemchemi nyuma ya nyumba. Babu yako akasita. Akasema wazee hawakuwahi kujenga pale, walilima tu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, ndivyo alivyokuta. Basi, nikaona ni mambo ya kizee. Nikasema, "Baba, pale ndipo. Pale hata gari litaingia."

Unaona kosa lilipo? Mimi nimezaliwa kwenye ardhi bapa. Kutoka Gerezani mpaka Mnazi Mmoja ukimwaga ndoo ya maji hayajui yaende wapi. Sisi watu wa hapa tunaogopa maji tu. Mvua ikikaza tunatazama bonde la Jangwani, tunasema heri aliye juu. Udongo hatuuogopi, udongo kwetu ni kitu kinacholala. Kwa hiyo nikipanda mlimani, kokote ninakoona bapa, roho inatulia, naona kama nimefika nyumbani. Sikujiuliza bapa lile limetoka wapi. Mlima mzima umesimama wima, halafu katikati yake kuna kiwanja cha mpira. Nani alikisawazisha?

Nilijenga. Watu walinisifu mpaka nikaona aibu, ingawa si sana. Mwanamume amemjengea mkwe nyumba ya bati na saruji! Mama yako alikuwa anatembea Kariakoo shingo imesimama kama twiga. Na bibi yako, kila mgeni akija, anampitisha ukumbini na kusema, "Kazi ya mkwe wangu hii, mtu wa pwani."

Miaka ikaenda, ukazaliwa, ukaanza shule. Ndipo bibi akaanza kulalamika kwamba mlango wa chumbani unakwama. Yeye hakuniambia mimi, alimwambia mama yako, mama yako akaniambia mimi. Nikacheka. Mlango kukwama wakati wa masika! Nani hapa Dar hajui hilo? Mbao hunywa maji, hufura, unaita fundi anapiga randa, mambo yanakwisha. Nikatuma fundi. Mwaka uliofuata ukakwama tena, nikatuma randa tena. Nikanunua bawaba mpya hapa hapa Gerezani, nzito, nikazipeleka kwa basi. Ukakwama. Fundi akaranda mpaka mlango ukabaki na pengo juu, ukilala kitandani unaona taa ya ukumbini, na bado chini ulikuwa unagoma. Mwanangu, mlango haukuwa na kosa lolote. Fremu ndiyo iliyokuwa inalala upande, kwa sababu ukuta ulikuwa unalala upande, kwa sababu ardhi yenyewe ilikuwa inaondoka. Na mimi nilikuwa na kazi maabara ya udongo! Mchana nachimba sampuli za maghorofa ya watu, jioni natuma seremala akatibu mlima.

Utauliza, mbona hukwenda kuangalia mwenyewe? Nilikwenda. Tulikwenda wote watatu, wewe ukiwa na meno ya mbele yameng'oka. Lakini mimi ni mkwe, Rukia. Mkwe anakaa barazani, anainamisha uso, anakula anachopelekewa, na chumbani kwa mama mkwe hatii mguu hata nyumba ikiwaka moto. Ule ufa, mama yako aliniambia baadaye, ulianzia chini ya kitanda ukapita hadi mlangoni, na bibi aliufunika kwa mkeka. Ningeuona vipi? Wewe ulikuwa unalala na bibi kitanda kimoja. Ulitoka asubuhi ukaniambia, "Baba, chumbani kwa bibi gololi zinakwenda zenyewe." Nikakuambia acha kuchezea gololi ndani ya nyumba ya watu. Basi. Mpimaji pekee niliyekuwa naye mle ndani nikamnyamazisha.

Nilikuja kuelewa kazini, na si kwa akili nyingi. Tulipelekwa milima ya Uluguru kupima njia ya barabara. Tukachagua pa kupiga kambi, na unajua nilichagua wapi: kwenye bapa. Kesho yake tukachimba shimo la majaribio pale pale. Juu udongo mwekundu uliochanganyika na mawe ya kila aina, makubwa kwa madogo, hayakupangika, kama yamemwagwa. Tukazidi kushuka. Chini, kina kinachompita mtu mrefu, tukakuta udongo mweusi, laini, wa shambani. Na ndani ya ule weusi, mafiga. Matatu, yamekaa sawasawa, yana masizi.

Kuna mtu aliwahi kupika pale. Bapa letu zuri lilikuwa ni mlima ulioshuka ukamfunika, ukatulia, ukaota majani, na sisi tukaja kupiga hema juu yake kwa sababu palikuwa pazuri. Na lililoshuka mara moja halijashikana na chini yake. Maji ya chemchemi yanapita katikati kama mafuta kati ya sahani mbili. Ndiyo maana migomba inanona, mwanangu. Ndiyo maana jembe linazama lenyewe.

Usiku ule nilimpigia mama yako, nikamwambia yote. Alinisikiliza, halafu akasema, "Sasa utamwambiaje mama? Utamwambia umemjengea juu ya kaburi?" Nilipokwenda tena Lushoto nilijaribu kwa lugha ya mkwe, ya kuzunguka. "Mama, hapa naona unyevunyevu, si ungesogea kule karibu na barabara?" Akacheka. "Baridi imekupata, baba Rukia. Mletee shuka huyo." Nikaletewa shuka. Nikajifunika nalo nikanyamaza, na huo ndio ushujaa wangu wote.

Sikusimulii haya ili unionee huruma, wala sitaki unijibu. Nataka ujue makosa ya kazi yetu hayatoki kwenye vipimo. Vipimo utavijua, umevisomea kuliko mimi. Kosa linaingia pale unapokwishajua na hutaki kumuudhi mtu. Mimi sikumuudhi mkwe, wewe hutaki kumuudhi mama. Tumefanana, na kwa hili sipendi tulivyofanana.

Mengine ni ya kazini na nitayasema haraka. Bapa lolote utakalokutana nalo kule, liulize limetoka wapi kabla hujalipaka kijani. Angalia miti: shina likianza kwa kulala kisha likajipinda kutafuta jua, huo mti umekuwa ukisimama kwenye kitu kinachotembea. Nguzo za umeme hazina ujanja wa kujipinda, zenyewe zinalala tu, zitazame. Waulize akina mama wanapochota maji, na kama chemchemi iliwahi kuhama. Wanaume watakuambia mipaka ya mashamba, wanawake ndio wanajua maji yalikuwa wapi mwaka jana. Na usiridhike na barazani. Omba uingie vyumba vya ndani. Wewe ni mwanamke, utakaribishwa mahali ambapo mimi ningefukuzwa, na ufa mwingi wa nchi hii umelala chini ya vitanda.

Na ile methali yetu ya usipoziba ufa utajenga ukuta, iache hapa Kariakoo, ni nzuri kwa mafundi. Kule watu wanaziba ufa kila mwaka kwa udongo na samadi, wanapaka na chokaa, wanashukuru Mungu. Ufa wa mteremko hauzibwi. Unakimbiwa.

Watakuchukia wengine. Utamwambia mtu shamba la baba yake ni jekundu, atakuuliza wewe binti wa Dar umezaliwa lini. Ni haki yake. Usimrushie maneno ya darasani. Kaa naye, mpe nafasi aseme alichonacho, kisha uandike kile ulichokiona. Babu yako aliniambia wazee hawakujenga pale, na mimi nikamsikia kwa sikio moja kwa sababu hakuwa na sababu ya kunipa. Kumbe watu wanaweza kusahau sababu wakabaki na katazo. Ukikutana na katazo la namna hiyo, chimba hapo.

Mama yako niachie mimi. Kesho tukitoka kukusindikiza nitamwambia, najua atafoka, najua kwa siku kadhaa nitakula kwa mama ntilie. Nimezoea. Alitaka nyumba ya baba yake isimame, na mimi ndiye niliyeisimamisha mahali pabaya, kwa hiyo hasira yake ina anwani.

Nilikuwa nataka barua iishie hapo, Rukia. Nilikwisha kuikunja. Halafu nikaona haya. Nakutuma wewe ukaseme kwa rangi jambo ambalo mimi sijalisema kwa mdomo miaka yote hii. Nikaikunjua, nikachukua simu, nikampigia bibi yako. Mimi mwenyewe. Unajua mimi na bibi yako hatujawahi kuongea kwenye simu zaidi ya salamu na "mama yake Rukia huyu hapa".

Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Rukia. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mama, unisamehe, nina neno ambalo mkwe hasemi."

Akasema, "Liseme."

"Hiyo nyumba niliyokujengea, pale si pa kukaa. Nilikosea kiwanja. Mlima unashuka, na vuli inakuja. Ondoka pale, mama, nakuomba."

Nilingoja anikatie simu, au alie. Akauliza, "Umelijua lini?"

"Zamani, mama. Miaka."

Bibi yako akacheka, Rukia. Alicheka mpaka akakohoa. "Basi tulikuwa wawili," akasema. Akaniambia alijua tangu ufa ule ulipopita chini ya kitanda. Akaniambia mvua kubwa zikinyesha halali chumbani, anabeba mkeka anakwenda kulala jikoni kule nje, na jirani akiuliza anasema anafuata joto la moto. Nikamuuliza, kwa jina la Mungu, mama, mbona hukusema? Akashangaa, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Ningesemaje? Mkwe wangu amenijengea nyumba, kitongoji kizima kimemsifu, mimi nitoke niseme nyumba ya mkwe wangu mbovu? Uso wako ungeuweka wapi?"

Nimelia hapa kaunta, sikufichi. Kirit amegeuka amejifanya anapanga beringi. Mama wa watu analala jikoni kwenye baridi ile, juu ya mlima unaotembea, ili mimi huku mjini niendelee kuitwa mkwe mwema.

Nikamwambia aje. Chumba chako kitakuwa wazi kuanzia kesho, aje akae. Akasema si rahisi hivyo. Akitoka hivi hivi watu watauliza kwa nini, akijibu ameniaibisha, nikijibu mimi nimejiaibisha, na yeye heshima ya nyumba yake hatakubali ivunjwe uzeeni. Kisha akasema juu yako, na haya ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza: "Si nasikia mke mwenzangu anakuja huku na ramani ya serikali? Huyo ndiye nitakayemsikiliza, huyo hana ukwe na mimi. Aingie chumbani, ainue mkeka, aangalie. Akiandika hapakaliki, nafunga virago siku hiyo hiyo na hakuna atakayeniuliza. Akiandika panakalika, nakaa."

"Hata mvua ikikaza, mama?"

"Nakaa. Na chumbani nitarudi kulala, nitaacha huu utumwa wa jikoni. Kama yule mtoto amepima akasema panakalika, kwa nini niogope?"

Hajui habari ya chungwa. Sikumwambia kwamba umekwisha kumwahidi mama yako.

Baba yako.